Tunataka kuhamia mji mdogo Marekani: tutajuaje kama watatupokea?

SWALI: Assalaam alaykum dada. Mimi ni mzaliwa wa Handeni, mke wangu ni wa Tanga mjini. Tunaishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa saba, wote tuna kadi ya kijani. Watoto ni watatu: miaka 16, 9 na 3. Mimi nabeba boksi ghalani, mke wangu ni nesi msaidizi kwenye nyumba ya wazee na anavaa hijabu. Pango linatumaliza, na kijana mkubwa ameanza makundi. Tunafikiria mji mdogo. Watu wametutajia Lewiston huko Maine, Utica huko New York, na miji ya viwanda vya nyama ya Kansas na Nebraska. Ila tuliona yaliyowapata Wahaiti wa Springfield, hapa jirani yetu. Tutajuaje kama mji utatupokea kabla hatujafungasha?

JIBU: Waalaykum salaam kaka. Nianze na Springfield, maana naona ndiyo iliyokutia hofu, na wengi wameondoka pale na funzo lisilo lake.

Sensa ya 2020 iliukuta mji ule na watu wasiofika 60,000. Miaka michache baadaye wakaingia Wahaiti ambao uongozi wa mji wenyewe uliwakadiria kuwa kati ya 12,000 na 15,000. Viwanda viliwahitaji, nao walipiga kazi. Lakini zahanati zilibaki zile zile, walimu wale wale, nyumba za kupanga zile zile, kwa hiyo foleni zikarefuka na pango likampanda kila mtu, mwenyeji na mgeni. Agosti 2023 gari lililoendeshwa na Mhaiti liligongana na basi la shule na mtoto wa miaka 11 akafariki. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2024, ule uongo kwamba Wahaiti wanakula mbwa na paka wa majirani ulifika hadi kwenye mdahalo wa wagombea urais, na vitisho vya mabomu vikafunga shule na ofisi za mji.

Hayo mliyaona kwenye simu. Yaliyosambaa kidogo ni kwamba gavana wa Ohio, Mrepublican aliyezaliwa Springfield hiyo hiyo, alijitokeza akasema habari ile si kweli na kwamba Wahaiti wale wako kihalali na ni wachapakazi. Baba wa mtoto aliyefariki aliwasihi wanasiasa waache kulitumia jina la mwanawe. Na wako wenyeji waliokwenda kula kwenye mikahawa ya Kihaiti makusudi, ili waonekane wamekaa pale.

Kwa hiyo nikiuangalia mji, kwanza nauliza wageni waliingia kwa kasi gani, na kama huduma ziliongezwa au ziliachwa zizidiwe. Halafu nauliza: siku mambo yalipochafuka, nani alisimama na nani alijificha? Mtu akikwambia, "Njooni huku, hapa hakuna ubaguzi, watu wazuri sana," bado hajakwambia kitu. Huenda mji huo haujawahi kumpata mgeni wa kumbagua. Mimi nauamini zaidi mji uliokwisha kugombana hadharani kuhusu watu kama sisi, tukajua matokeo yake.

Lewiston ni mmojawapo. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo vilivyokufa, watu kama 36,000, karibu wote Wazungu. Mwaka 2001 Wasomali wakaanza kuhamia, wengi wakitokea vitongoji vya Atlanta, na sababu zao zilikuwa hizi hizi zako: pango, shule, vijana. Hawakuletwa na shirika, walijileta. Oktoba 2002 meya aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwaomba wawaambie ndugu zao wapunguze kuja, mji umeelemewa. Barua ile ikawaita wenye chuki kutoka mbali. Kikundi cha watukuza Uzungu kikatangaza mkutano wake Januari 11, 2003. Siku ilipofika, mkutano wao ulipata watu wachache, kama thelathini hivi. Upande mwingine wa mji, kwenye chuo cha Bates, wakakusanyika zaidi ya watu 4,000 katika baridi ya Januari ya Maine kuwatetea majirani zao wapya.

Haikuishia hapo, na ningekudanganya nikikwambia iliishia hapo. Mwaka 2006 mtu alikirusha kichwa cha nguruwe msikitini watu wakiwa kwenye sala. Lakini mwaka 2015 timu ya soka ya shule ya sekondari, iliyojaa watoto waliozaliwa kwenye kambi za wakimbizi au waliozaliwa na wazazi waliotoka kambini, ikachukua ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza, na mji mzima ukaivalia rangi. Mwaka 2019 binti wa Kisomali mwenye miaka 23, Safiya Khalid, alichaguliwa kuwa diwani licha ya matusi ya mtandaoni, mengi yakitoka kwa watu wasioishi hata Maine. Miaka kumi na saba kutoka barua hadi udiwani. Kwa mji, hiyo ni mbio.

Kuna jambo jingine kuhusu Lewiston ambalo wageni hawalijui, nami naona lina uzito. Wazungu wengi wa pale ni wajukuu wa Wakanada wa Kifaransa walioletwa na viwanda vya nguo. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kile kikundi cha Wazungu wenye chuki, walikuwa na nguvu Maine, na adui wao mkubwa huko hakuwa mtu mweusi, ambaye hakuwepo wa kutosha kuchukiwa, bali hao Wakatoliki wa Kifaransa. Sheria ya jimbo ya mwaka 1919 iliamuru shule zifundishe kwa Kiingereza tu, na ilidumu hadi 1969. Bibi wa miaka themanini utakayemkuta dukani anaweza kukumbuka mwalimu akimkaripia kwa kusema lugha ya mama yake. Wengine kumbukumbu hiyo imewalainisha. Wengine imewafanya waseme, "Sisi hatukusaidiwa, kwa nini nyie?" Utawakuta wote wawili kwenye foleni moja.

Sasa Utica, na hapa nataka usome taratibu kwa sababu ya mwanao wa miaka 16. Mwaka 1960 Utica ilikuwa na watu kama 100,000; kufika 2000 ilikuwa imebakiwa na 60,000, nyumba tupu kila mtaa. Waliozijaza na kuzikarabati ni Wabosnia, kisha Wakaren wa Burma, kisha Wabantu wa Kisomali na wengine. Mwaka 2008 Wabosnia walinunua kanisa la Methodisti lililokuwa limebaki gofu ubavuni mwa jengo la halmashauri ya mji, wakaligeuza msikiti, na leo mnara unaonekana kutoka dirisha la meya. Jarida la shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliwahi kuuita, mwaka 2005, mji unaopenda wakimbizi.

Miaka kumi baada ya sifa hizo, mwaka 2015, mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliishtaki wilaya ya shule ya Utica. Wahamiaji vijana waliozidi umri wa miaka 16 na wasiojua Kiingereza vizuri walikuwa wakizuiwa kujiandikisha sekondari ya kawaida, wakipelekwa kwenye programu za pembeni zisizotoa cheti cha sekondari. Sheria ya New York inampa kijana haki ya kusoma hadi miaka 21. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka 2016 na utaratibu ukabadilishwa. Mji ni ule ule, kaka: mnara wa msikiti dirishani kwa meya, na mlango wa shule umefungwa. Ndiyo maana tabasamu la jirani silipi alama nyingi. Jirani hashiki daftari la usajili.

Hapa niweke kando moja kwa mtu wa Handeni. Kati ya Wabantu wa Kisomali waliokuja Marekani, wapo wanaoongea Kizigua. Ni kizazi cha watu waliochukuliwa utumwani kutoka kwenu karne ya 19 wakapelekwa bonde la mto Juba, Somalia. Marekani iliwapokea kama 12,000 kuanzia 2003, na wenzao waliokimbilia Tanzania ndio mnaowajua pale kwenye makazi ya Chogo. Mama yako akipiga simu siku ukiwa na mzee wa kwao sebuleni, mpe aongee naye.

Hilo linanifikisha kwenye suala ambalo watu hulikwepa kwa adabu. "Kuna Waislamu wengi" au "kuna Waafrika wengi" haimaanishi kuna watu wenu. Kwenye mji wenye msikiti wa Wasomali mtasali vizuri, mtapata nyama halali mtaa wa Lisbon pale Lewiston, lakini kwenye harusi, misiba na mikopo ya dharura mtakuwa wachache ndani ya wachache. Mahusiano ya Wasomali na Wabantu nayo yana historia yake, msiingie katikati bila kujua. Maine inawasaidia kidogo hapo: mwaka 2019 mamia ya Wakongo na Waangola waliomba hifadhi Portland, mji ukawalaza kwenye uwanja wa michezo wa ndani, na wengi walibaki jimboni. Kiswahili mtakisikia. Ukitaka kupima mwenyewe, takwimu za lugha za ofisi ya sensa ziko wazi mtandaoni. Tafuta kundi la Kiswahili na lugha nyingine za Afrika ya kati, mashariki na kusini, maana wametuweka kapu moja.

Miji ya nyama nitaipitia haraka kwa sababu siwashauri. Si kwa ubaya wa watu. Garden City, Kansas, ni mji uliozoea wageni tangu viwanda vilipofunguliwa miaka ya 1980. Mwaka 2016 wanaume watatu walikamatwa wakipanga kulipua majengo wanayoishi Wasomali na msikiti wao mdogo. Polisi wa mji walikwenda kukaa na wazee wa Kisomali, na mwaka 2019 wale watu walifungwa miaka 25, 26 na 30. Mji ulijibu vizuri. Tatizo langu ni kazi yenyewe. Miji hii inakupa jembe siku ya kwanza, na jembe ni moja. Fort Morgan, Colorado, Desemba 2015, Waislamu kama 150 walifukuzwa kiwandani kwa mgogoro wa muda wa sala; fidia ya dola milioni 1.5 ilikuja 2018, wakati wengi walikwishahama. Lexington, Nebraska, mji usiozidi sana watu 10,000, ulitangaziwa Novemba 2025 kwamba kiwanda chake chenye wafanyakazi kama 3,200 kinafungwa. Fikiria umenunua nyumba pale Oktoba. Mke wako tayari ana ujuzi unaotakiwa kila kata ya Marekani. Kwa nini mjifunge kwa mwajiri mmoja?

Maine ndiyo jimbo lenye wazee wengi kuliko yote nchini kwa umri wa kati, na nyumba za wazee zinalia kukosa mikono. Cheti cha mke wako kinabidi kihamishiwe kwenye daftari la manesi wasaidizi la jimbo jipya. Aanze sasa, akiwa bado kazini Ohio. Boksi zako nazo zipo, Lewiston kuna ghala kubwa la chakula la Walmart tangu 2005.

Sasa nyumba, maana hapa ndipo familia nyingi huumia bila kumlaumu mtu. Lewiston na Utica ni miji ya majengo ya ghorofa ya mbao yaliyojengwa zamani. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku kwenye nyumba Marekani mwaka 1978. Zilizojengwa kabla zihesabu kuwa zinayo mpaka uhakikishiwe vingine. Mtoto wako wa miaka mitatu atashika dirisha, ataweka kidole mdomoni. Lewiston ina historia mbaya ya watoto kupatikana na sumu hiyo ya risasi damuni. Muulize mwenye nyumba kwa maandishi kama imepimwa. Sheria inamtaka akueleze anachojua kabla hujasaini. Kisha mpeleke mtoto akapimwe damu kabla ya kuhama na miezi michache baada ya kuhama. Halafu uliza joto analipa nani. Nyumba nyingi za Maine zinapashwa joto kwa mafuta, na pango la bei poa ambalo mafuta ni juu yako si pango la bei poa.

Usimuulize dalali wa nyumba kama mtaa "unatufaa sisi". Sheria ya makazi ya 1968 inamkataza kumwelekeza mteja kwa rangi, dini au asili yake, kwa hiyo dalali mwadilifu atanyamaza, na atakayejibu ujue ni yupi. Majibu yako kwingine. Wizara ya elimu ya Marekani ilikusanya kwa miaka mingi takwimu za kila shule: watoto wangapi weusi walisimamishwa, wangapi weupe, wangapi wako kwenye masomo ya juu. Zitazame kwa sekondari ya mwanao. Kisha kaeni wewe na mkeo mtazame video za vikao vya bodi ya shule na baraza la mji. Miji mingi huziweka mtandaoni. Msitafute hotuba za siku ya tamaduni. Tafuteni kikao cha bajeti ya walimu wa Kiingereza kwa wageni, au cha ombi la kujenga msikiti au kupanua sehemu ya kuegesha magari yake. Watu wakitaka kuwakataa huwa wanazungumzia maegesho.

Angalieni pia kama sherifu wa kaunti ametia saini makubaliano ya 287(g), yanayowapa askari wake kazi za uhamiaji. Idara ya uhamiaji yenyewe huchapisha orodha. Nyinyi mna makaratasi, lakini mtaishi na watu wasio nayo, na pale ambapo kila kusimamishwa barabarani kunaweza kuishia kwenye maswali ya uhamiaji, Waafrika wote huanza kuendesha kwa woga, hata raia.

Mkishabakiwa na mji mmoja au miwili, nendeni. Mwende Februari, si Julai; kila mji wa kaskazini ni mzuri Julai. Msifikie kwa mwenyeji wenu wa Kiafrika siku zote, atawaonyesha anachotaka mkione. Mke wako aende peke yake, na hijabu yake, benki, duka la dawa, maktaba, na kituo cha mafuta nje kidogo ya mji. Wewe usimsindikize hata akikuomba. Yeye ndiye atakayebeba dini ya familia nzima kichwani kila siku, na uamuzi wake uwe na uzito kuliko wako. Msikitini usiwaulize wazee tu, maana mzee aliyewaleta watu hawezi kusema alikosea. Waulize mabinti wa miaka kumi na saba, hao wa kwenye basi la shule. Wasichana wa umri huo watakwambia jina la mwalimu, la mtaa na la kituo cha basi. Na kabla hata ya safari, watafuteni hapo hapo Columbus waliowahi kuishi Lewiston wakarudi. Wapo, na hakuna atakayekueleza vizuri kuliko aliyefungasha mara mbili.

Kama ni Maine na ni Novemba mkiona malori yenye bunduki na wanaume wenye mavazi ya chungwa, ni msimu wa kuwinda paa. Wanunulie watoto fulana za chungwa na msiwaache wakatize msituni. Jumapili tu ndiyo hairuhusiwi kuwinda.

Msitegemee ofisi za kupokea wakimbizi. Baada ya miaka saba hamumo tena kwenye huduma zao nyingi, na tangu mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa Januari 2025 nyingi zimepunguza watu. Bima ya afya ya serikali ya Ohio haivuki mpaka. Mtaomba upya Maine, kwa hiyo dawa za mwezi ule ziwe mkononi kabla ya kuondoka. Na fomu AR-11 ya kuijulisha idara ya uhamiaji anwani mpya inajazwa ndani ya siku kumi za kuhama, kila mwenye kadi ya kijani na yake. Watu husahau ya watoto.

Kwa familia yenu mimi ningeipa Lewiston nafasi ya kwanza, na Auburn ng'ambo ya mto muitazame pia. Utica ya pili, na kabla ya kukubali muombe kwa barua pepe, mpate jibu kwa barua pepe, kijana ataingizwa darasa la ngapi na masomo yake mangapi ya Ohio yatahesabiwa. Ombi hilo hilo lipelekeni Lewiston. Msimhamishe katikati ya mwaka wa masomo, subirini Juni. Na kuhusu makundi yake, nisikufiche: mji mdogo una makundi pia, na una kijana mweusi mmoja anayejulikana na kila askari kwa jina. Hiyo inaweza kumlinda au kumtesa, inategemea askari. Aende nanyi Februari, akae kutwa moja pale sekondari kama mgeni. Shule nyingi hukubali mkiomba mapema. Akirudi jioni, msimuulize kama ameipenda. Muulizeni alikula na nani mchana.